Chemshabongo ya Chumba cha Simu

Mama Pacha alikuwa amefagia hospitali ile miaka mitano bila kukaa kwenye chumba cha simu zaidi ya muda wa sakafu kukauka. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi, kidogo kama kabati. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ua wa kuanikia mashuka, meza yenye mtambo wa simu, kiti cha kuzunguka, na kingine cha mbao kilichovunjika egemeo. Kwenye kile cha kuzunguka aliketi Opereta, mwanamume wa makamo, shati limenyooshwa pasi mpaka kwenye kola, ambaye macho yake yalizima alipokuwa na miaka thelathini na moja. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, ilimwita Opereta, naye alimjua kila mtu kwa vishindo vya viatu vyake.

Mama Pacha naye alikuwa na siri yake. Hakujua kusoma. Shule aliiacha darasa la pili, mama yake alipougua na wadogo zake wanne wakabaki mikononi mwake. Herufi alizijua, moja moja, kama mtu anavyowajua majirani kwa sura bila kujua wana undugu gani. Zikikaa pamoja, zilimpotea. Lakini mwenye kilema cha namna hiyo hujifunza kutembea kwa namna ambayo huwezi kumjua. Dawa ya sakafu aliijua kwa kifuniko chekundu, ya vyooni kwa kifuniko cha bluu. Sahihi yake aliichora kama mtu anayechora ua kwenye kitambaa. Akipewa karatasi alisema, "Aa, miwani nimeiacha nyumbani," na miwani hakuwahi kuwa nayo maishani. Aliyejua ni mumewe peke yake, fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na mke akificha jambo, yeye hulifunika kwa kifuniko cha pili.

Mwaka ule mapacha wake, mabinti wawili, walikuwa wameanza darasa la kwanza. Kila wakirudi walimjia na madaftari. "Mama, hapa pameandikwaje?" Naye hujibu, "Muulizeni baba yenu, mimi nina mikono ya maji." Wakati mwingine mikono ilikuwa mikavu kabisa, na wale watoto walikuwa na macho.

Basi, asubuhi moja alipoweka ndoo mlangoni pa chumba cha simu, Opereta aliinua kichwa.

"Mama Pacha, hiyo ndoo yako ina mshikio unaolia kama kinda la njiwa. Una dakika tano?"

"Ninazo, Mzee. Kuna nini?"

"Tarishi aliyekuwa ananisomea chemshabongo amehamishiwa tawi jingine. Gazeti ninalo, kichwa ninacho, macho ndiyo sina. Nisomee kidogo. Anza na yale yanayokwenda Kulia, namba moja."

Akamnyooshea gazeti lililokunjwa ukurasa wa mwisho, visanduku vyeupe na vyeusi kama sakafu ya vigae. Mama Pacha alilipokea kwa ncha za vidole. Ile ya miwani ilikuja mdomoni, akaona imeshachakaa, akaleta nyingine.

"Taa ya humu ni hafifu, Mzee. Sioni vizuri."

Opereta akacheka mpaka kiti kikazunguka. "Hilo, mama, mimi siwezi kukubishia."

Mama Pacha naye akacheka, kwa aibu zaidi kuliko kwa furaha, akasema wodi ya watoto inamsubiri, akaondoka na ndoo yake. Kutwa nzima alijiona mdogo. Mtu asiyeona amemwomba kitu kidogo namna ile, na yeye mwenye macho mawili mazima amemnyima.

Kesho yake Opereta hakumwuliza kama ana nafasi. Alisema tu, kama mtu anayeeleza anavyopenda chai yake, "Unajua, mimi neno likija zima zima linanichanganya. Nitajie herufi moja moja, nizipange mwenyewe kichwani. Ndivyo ninavyopenda."

Herufi moja moja! Hizo alikuwa nazo. Akaketi kwenye kile kiti kibovu, akaweka kidole kwenye mstari.

"M," alisema. "T. O. T. O."

"Mtoto," akasema Opereta.

"Kuna nafasi. W. A. Nafasi tena. N. G. Halafu hapo juu kuna kijidudu kimening'inia."

"Kijidudu?"

"Kama koma iliyopanda ukutani."

"Ahaa! Hicho kijidudu ndicho kinachomfanya ng'ombe awe ng'ombe. Bila hicho angekuwa ngombe, na hajulikani ni mnyama gani. Endelea."

"O. M. B. E."

"Mtoto wa ng'ombe. Visanduku vingapi?"

Kuhesabu hakukumshinda. "Vitano."

"Ndama. Andika N, D, A, M, A."

Akaandika. Ile D ilitazama upande usio wake, lakini zote tano ziliingia, kila moja chumbani kwake. Simu ikalia. Opereta akabonyeza kitufe. "Hospitali, habari za asubuhi. Wodi namba tatu? Subiri kidogo, nakuunganisha." Kisha, bila hata kuvuta pumzi, "Haya, Chini, namba moja. Inaanza na N."

Siku ile walijaza maneno matatu. Mama Pacha aliyasoma tena alipofika kwenye kona ya ngazi, bila gazeti, kwa midomo tu: ndama, nanasi, mjomba.

Wakaendelea hivyo. Kila siku ya kazi, saa nne, sakafu ya chumba cha simu ikikauka, yeye alitaja herufi na Opereta alizifunga pamoja kwa sauti. Mwezi wa kwanza alimsikiliza tu. Mwezi wa pili akaanza kumwahi. Alikuwa ametaja S, H, A, N, na kabla Opereta hajafungua kinywa, neno likamtoka lenyewe, "Shangazi!" Akajishika mdomo. Opereta aligonga meza kwa kidole mara moja, kama anayepiga muhuri.

Opereta alikuwa na kichwa cha ajabu. Ramani nzima ya visanduku aliibeba humo, akijua Kulia tano inakatana wapi na Chini mbili, na huku anajibu simu za wagonjwa, za madaktari, na za yule mama mmoja aliyepiga kila wiki kuuliza kama hospitali inatibu kuku. Mchezo wao ulikuwa na ugomvi pia. Opereta alipokosea, Mama Pacha alimwambia, na alipokuwa sahihi lakini kisanduku hakitoshi, walilaumu gazeti.

Halafu ikaja siku ya Chini sita. Kufikia wakati huo Mama Pacha alikuwa akisoma dokezo zima, polepole, na hakuna kati yao aliyetaja kwamba utaratibu wa herufi moja moja umekufa.

"Hufagia," alisoma, "pia, kutofika mapema. Herufi saba. Ya tatu E, ya mwisho A."

Opereta akakuna kidevu. "Kutofika mapema. Kukawia. Hapana, ya tatu ni K. Hufagia... Kitu gani kinafagia na hakifiki mapema? Wewe?"

"Mimi nafika saa kumi na mbili kamili, Mzee, usinipakazie."

Simu zikapita nne. Opereta akakunja uso, akajaribu hili na lile, yote yakagoma. Mama Pacha akawa anatazama ufagio wake uliosimama pembeni, zile njiti zake zimefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli alichokifunga mwenyewe.

"Chelewa," akasema.

"Nani kachelewa?"

"Hakuna aliyechelewa. Chelewa! Hizi njiti za ufagio. Ufagio wa chelewa."

Opereta akahesabu kwa vidole juu ya meza: C, H, E, L, E, W, A. Akapiga makofi. "Loo! Leo umenifunga goli mbele ya mashabiki wangu."

"Mashabiki gani, humu tuko wawili?"

"Basi umenifunga mbele yako mwenyewe. Ni vibaya zaidi."

Mama Pacha alirudi nyumbani kwa miguu myepesi kama ya mtoto. Jumamosi iliyofuata, alipokuwa anaanika nguo uani, mapacha walimjia na daftari, kwa mazoea tu, bila matumaini. "Mama, hapa pameandikwaje?" Alifuta mikono kwenye kanga, akachuchumaa, akasoma: "Juma tatu tulipanda miche ya maua shuleni. Nyinyi, mbona Jumatatu mmeitenganisha?" Watoto wakatazamana. Mumewe, aliyekuwa akisafisha mwiko wake bombani, aliacha maji yakatiririka mpaka ndoo ikafurika. Baadaye alileta taa mpya ya sebuleni, akaifunga mwenyewe juu ya meza.

Baada ya hapo mambo hayakwenda kwa kuruka. Alijiandikisha darasa la watu wazima, alasiri baada ya kazi, kwenye ukumbi uliokuwa na viti vya watoto. Magoti yake yaligonga meza. Mwalimu alimpa kitabu cha kwanza, akamsikiliza, akampa cha tatu. "Dada, ulisomea wapi hivi?" Akajibu, "Kwenye gazeti, ukurasa wa mwisho." Hesabu za sehemu zilimtoa machozi na mtihani wa kwanza ulimwangusha. Wa pili aliupita. Kote huko hakuwahi kukosa saa nne chini ya ngazi, labda augue.

Mwaka wa saba tangu siku ya taa hafifu, tangazo lilibandikwa ubaoni: masjala, pale yanapotunzwa majalada ya wagonjwa, inahitaji mtu. Mama Pacha alikuwa anafuta kioo cha ubao huo huo. Alilisoma mara mbili, akamalizia kufuta, akaenda kuomba. Msimamizi wa usafi alimtazama juu chini. "Wewe? Kule ni kusoma kutwa nzima." "Najua, mkuu," alijibu, "nimesoma hapo kwenye tangazo." Watu wa masjala walimpa majalada arobaini ayapange kwa alfabeti. Aliyapanga, akawaonyesha na mawili yaliyoandikwa jina la mgonjwa mmoja kwa namna mbili.

Barua ya kupata kazi ilipokuja, hakuifungulia nyumbani. Aliipeleka chumba cha simu, akaketi kwenye kiti kibovu, akaisoma yote kwa sauti, kuanzia kichwa cha barua hadi muhuri.

"Hongera sana, Mama Pacha," akasema Opereta. "Sasa nani atanifagilia?"

Aliikunja ile barua. "Mzee, kuna jambo limenikaa kooni miaka saba. Siku ile ya kwanza, haikuwa taa."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Ilikuwa saa nne asubuhi, mama. Jua la dirishani lilikuwa linanichoma huu mkono. Taa ya nini?" Akaugeuza ule mkono juu ya meza. "Halafu, mimi mwenyewe nilipopoteza macho, miezi sita nilikuwa nawaambia watu nimelala vibaya, shingo inauma, ndiyo maana siwatazami. Sauti ya mtu anayejificha naijua. Nimeishi humo."

Mama Pacha alilia, akiwa ameishika barua mbali ili isilowe. "Kwa hiyo ile ya herufi moja moja ulinidanganya."

"Nusu. Ilinitesa, sikufichi! Ukifika herufi ya kumi, ya kwanza nimeshaisahau. Ila yule tarishi alikuwa anasoma dokezo na jibu kwa pumzi moja. 'Kaka wa mama, mjomba hiyo, Opereta, twende.' Miaka miwili sikupata hata neno moja la kwangu. Kila mtu huniharakishia, mama, wanadhani ni msaada. Wewe ulikuja polepole, nikapata nafasi ya kufikiri. Ile ndama ya siku ya kwanza niliipata mimi. Nilienda kumsimulia mke wangu kama mtoto aliyeshinda mbio."

Mama Pacha akapangusa macho kwa kiganja. Maneno alikuwa nayo mengi kuliko wakati wowote, na lililomtoka lilikuwa moja, "Asante."

"Na wewe," akasema Opereta. Simu ikalia, akaijibu.

Masjala ilimpokea vizuri. Ana dawati, muhuri wa tarehe, na rafu ndefu ambazo ndani yake hakuna jalada linalompotea. Wagonjwa wengine wakifika dirishani na karatasi, wakasema wamesahau miwani, yeye hawaulizi zaidi. Huwasomea kwa sauti ya chini, polepole, kidole chini ya kila neno ili waone linakaa wapi. Wawili kati yao sasa wako kwenye ule ukumbi wa viti vidogo, na mmoja hupita kumwonyesha daftari.

Opereta amestaafu. Mkewe ndiye anayemsomea gazeti, naye Opereta humlalamikia kila siku kwamba anasoma mbiombio. Kwa hiyo saa nne, wakati wa chai, Opereta hupiga simu hospitali, na kijana wa mtambo mpya humwunganisha na masjala bila kuuliza anamtaka nani. Mama Pacha huwa ameshakunja gazeti ukurasa wa mwisho. Jana waliishia njiani. Kulia tisa imewashinda wote wawili, herufi nne, ya pili U. Alikwenda nayo nyumbani, akaipeleka kwa mapacha, ambao sasa ni warefu kuliko yeye, wakaizunguka meza wote wanne, fundi mwashi akiwemo, na mpaka chakula kinapoa hawakuwa wameipata.

"Kesho watachapa majibu," alisema mumewe.

"Usithubutu kuyatazama," akamjibu, na akaomba apitishiwe chumvi.