Kibao cha Getini

Mlinzi wa geti la kiwanda cha viatu walimwita Kibao. Mbali na kufungua na kufunga, kazi yake ilikuwa kugeuza ubao mdogo ulioning'inia kwa waya: upande mmoja NAFASI ZIPO, upande wa pili HAKUNA KAZI. Wasaka kazi waliokaa ng'ambo ya barabara, kwenye ukingo wa mtaro, walimtania kila asubuhi: "Kibao, leo kazi kibao au tunapigwa kibao?" Naye alicheka nao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kuna jambo moja aliloliamini kama dini. Viatu vikinunuliwa, kibao kinasema nafasi zipo, na ukingo wa mtaro unabaki mtupu. Biashara ikilala, kibao kinageuzwa, na watu wanajaa pale hata pa kuweka mguu hapana. Kimoja kikipanda, kingine kinashuka, kama mizani ya muuza sukari. Hakuwahi kuona vyote viwili vimepanda pamoja.

Basi mdogo wake, mshonaji wa mle mle kiwandani, alipoachishwa na wenzake wengi, Kibao hakubabaika. Alimchukua yeye, mkewe na mtoto wao, akawapa chumba cha mbele. Haukupita muda, fundi wa kuchomelea vyuma jirani akamwita yule mdogo akajifunze kazi. Kibao akawa mkali.

"Wewe fundi viatu wa kiwandani, ukapakwe masizi kwa watu? Tulia. Subira yavuta heri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, kaka."

"Tumbo lako litaumiaje na shemeji yako anapika? Kibao nageuza mimi. Siku nikikigeuza, wa kwanza kuingia ni wewe."

Mdogo mtu akatii, maana huyo ndiye aliyemlea. Fundi akachukua mtu mwingine. Mdogo mtu akangoja mpaka mkewe akachoka kuishi kwa kuhurumiwa, akambeba mtoto akarudi kwao.

Siku ikafika. Kibao akageuza ubao kwa furaha, akampitisha mdogo wake kabla ya mtu yeyote. Mdogo mtu hakukawia kutoka. Mle ndani alikuta mashine mpya zinazoshona kwa kufuata kioo cha kompyuta, na afisa aliyemwuliza swali moja tu.

"Tangu uachishwe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nangoja."

"Kungoja si kazi. Mtu akikaa hivyo mkono unalala. Tunataka aliyekuwa anashika chochote, hata kuchomelea vyuma. Mashine tutamfundisha."

Maneno hayo aliyarudia getini neno kwa neno, bila kumtazama kaka yake usoni. Kibao akashikashika funguo.

Toka siku ile ubao haujageuzwa. NAFASI ZIPO, rangi imepauka kwa jua, na ukingo wa mtaro umefurika vilevile. Balaa gani hili! Ndani mashine zimelala hazina watu, nje watu wamelala hawana kazi, na katikati ni ukuta tu. Wakubwa wanalalamika kwamba watu hawapatikani. Kibao anawasikia wakipita na magari yao, anawafungulia geti, anapiga saluti.

Jioni ya siku ile, nyumbani alikuta godoro la chumba cha mbele limekunjwa, limeegemezwa ukutani. Mkewe alisema shemeji yake ameaga vizuri, hakugombana na mtu. Hilo lilimuuma Kibao kuliko matusi.

Asubuhi iliyofuata alimwona ng'ambo, amekaa kwenye ukingo wa mtaro katikati ya wengine. Akainua mkono amwite. Lakini mdogo wake alikuwa ameshasimama, akapaza sauti kama wale wote:

"Kibao! Leo kazi kibao au tunapigwa kibao?"

Watu wakaangua kicheko. Tangu azaliwe, hakuwahi kumwita mkubwa wake kwa jina lolote ila kaka.