Mlango wa Darasa la Tatu

Binti yangu akichonga penseli, mimi hutoka chumbani. Hajui kwa nini, na sijawahi kumweleza. Ile harufu ya mti mkavu, tamu kidogo, yenye ukali unaopanda puani, hunirudisha Ruiri kwenye nyumba iliyonuka hivyo kuanzia sakafuni hadi darini, hasa mvua ikinyesha. Nyumba yetu ilikuwa ya mwerezi. Na kabla haijawa nyumba yetu, ilikuwa shule.

Ilikuwa shule ya mbao, ya kabla ya uhuru. Wazazi walipochanga kwa harambee na kusimamisha madarasa ya mawe, ile kuukuu haikuwa na kazi tena. Baba yangu, Kirimi, alikuwa fundi wa mbao, na ndiye aliyetengeneza madawati na milango ya madarasa mapya. Alipoulizwa atalipwa nini, aliomba apewe shule ya zamani. Wazee wa kamati walicheka, wakampa upesi kabla hajabadili nia. Aliibomoa polepole, akaileta nyumbani ubao kwa ubao juu ya mkokoteni wa punda, na sisi watoto tukapewa kazi ya kunyoosha misumari juu ya jiwe. Nilijigonga vidole mwezi mzima. "Msumari kupinda sio kufa," baba alituambia kila tulipoutupa mmoja kichakani, kisha akatutuma tukautafute.

Hakuna kilichotupwa. Ubao wa kuandikia ukawa ukuta wa jikoni, na mama akawa anaandika hapo kwa chaki siku ambayo kila kuku alianza kuatamia. Madirisha yalikuwa yaleyale ya darasani, ya juu juu, kwa hivyo kumwona mgeni anayekuja ilibidi upande kigoda. Nami katika ugawaji huo chumba changu kikaangukiwa na mlango ambao bado ulikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: STD 3. Wakati huo nilikuwa darasa la tano.

Mnaona msiba wangu. Binamu yangu Kanana, tuliyesoma naye darasa moja, aliuona mlango huo mara moja tu, na kufikia Jumatatu shule nzima ilikuwa inajua. "Gatwiri mchana ako la tano," alitangaza kwenye foleni ya uji, "lakini jioni anarudishwa la tatu!" Nyumba yetu nayo akaiita mitumba. Watu walicheka mpaka uji ukamwagika.

Angekuwa na nyumba kama yetu ningemsamehe. Lakini baba yake, baba mdogo Mwiti, alikuwa karani mjini Meru, na mwaka uleule alikuwa amejenga nyumba ya mawe. Mabati yake yalikuwa mapya, yaking'aa mpaka ukitazama lazima ukunje uso. Sakafu ilikuwa ya simiti nyekundu iliyopigwa polishi, na ulivua viatu mlangoni. Nilipenda kuivulia viatu nyumba ile, na niliichukia kwa kuipenda hivyo. Nilikuwa na wivu. Nasema bila kupamba: nilimwonea Kanana wivu asubuhi nikinawa uso, nikamwonea wivu nikila, na nilipokuwa nikichota maji nilikuwa nahesabu vyumba vyao kichwani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha methali, usiache mbachao kwa msala upitao, akaeleza kwamba mbacha ni mkeka mkuukuu na msala ni mkeka wa kuswalia. Sisi watu wa milimani hatukuwa na mkeka hata mmoja, lakini nilielewa. Nikaona tu kwamba aliyeitunga hakuwa na binamu kama Kanana.

Jumapili moja baba mdogo alikuja kunywa chai. Kila alipokuja aliketi akiupa mgongo mlango wangu, hata kama kiti hicho kilikuwa kwenye jua. Siku hiyo aliweka kikombe chini akasema, bila kugeuka, "Baba Gatwiri, hiyo mlango nipatie. Mimi nitakuletea mpya, iko na kioo hapo juu."

Moyo wangu uliruka. Mlango wa kioo! Hata Kanana hakuwa na mlango wa kioo chumbani kwake.

Baba alicheka, akakuna kidevu. "Hii mlango iko na miaka mingi kuliko hiyo koti yako. Wacha ikae."

"Nimekuomba mara ngapi?"

"Na mimi nimekataa mara ngapi? Kunywa chai."

Nilitoka nje nikalilia nyuma ya ghala. Kwangu mimi baba alikuwa ameikataa heshima yetu ikiletwa mpaka mezani. Na kwa kuwa sikuweza kupata nyumba ya Kanana, nikataka na yeye aikose. Jumapili iliyofuata, kanisani, wengine walipofumba macho, niliomba kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Mungu alete ule upepo wetu wa Ruiri ung'oe mabati ya baba mdogo, kama si yote basi ya upande wa chumba cha Kanana.

Mungu alisikia, ila sijui alisikia nini. Upepo ulikuja Jumatano alasiri, tukiwa tumesharudi kutoka shule, ukapita juu ya nyumba ya mawe bila kuigusa, ukaja ukang'oa paa la choo chetu, na mama alikuwa ndani.

Kaka zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikimbilia chumbani nikafunga mlango. Nikajitupa kitandani, na nilipoinua macho nikaona, upande wa ndani wa mlango, kwenye kimo cha mtoto, herufi zilizochorwa kwa msumari. Zilikuwa hapo siku zote, katikati ya mikwaruzo mingine ya wanafunzi, wala sikuwa nimezijali. Sasa nilizisoma moja moja: KIRI.

Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha vinyume. Panda, shuka. Lia, cheka. Kiri, kana. Kukiri ni kukubali kosa, alisema, na kukana ni kulikataa. Mwili ulinisisimka. Nani mwingine angeniandikia neno hilo, siku hiyo, mbele ya kitanda changu? Nilishangaa kidogo tu kwamba mwandiko wa Mungu ni mbaya hivyo, kwa sababu ile R ilikuwa imegeuzwa.

Ningeweza kukiri. Badala yake nilichukua kigae cha chupa, kile ambacho baba alitumia kuparia mbao baada ya randa, nikaanza kukwangua. Nilianza na neno lile mpaka likaisha, na mbao chini yake ikawa nyekundu na mpya, ikinuka kama penseli. Halafu nikaenda upande wa nje nikakwangua STD 3. Niliona raha ambayo nikiikumbuka leo naona haya.

Baba aliporudi jioni alinikuta bado na kigae mkononi. Maandishi ya nje aliyapita. Alifungua mlango, akapitisha kiganja upande wa ndani, akakitua pale palipokuwa na neno.

"Hata hii?" aliuliza.

"Ilikuwa maandishi mbaya," nikasema. "Ya watoto watundu."

Akakishika kigae, akakigeuza mkononi mwangu. "Hivi ndio hushikwa. Vile ulikuwa unashika ungejikata." Akaleta mafuta na kitambaa, akapaka pale palipobaki uchi ili mbao isipasuke. Sikupigwa wala sikukemewa. Nikajua nimeshinda.

Miaka ilipita. Nilisoma mpaka chuo, nikawa mwalimu, nikahamia Kaaga. Baba alipofariki tulimzika nyuma ya ile nyumba. Waombolezaji walipotawanyika, baba mdogo Mwiti, mzee tayari, anayetembea kwa mkongojo, aliingia ndani akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba changu. Alikuwa hajawahi kuutazama mbele yangu. Aliinama kwa shida, akaanza kupapasa.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini, baba?"

"Jina yake. Ilikuwa hapa." Akagonga pale pale palipo laini. "Aliandika na msumari. Alikuwa amefika Kiri, baba yetu akasimama mlangoni, akamwambia, Kirimi, toka. Ng'ombe zilitaka mchungaji, na shule ilikuwa ya mmoja wetu. Hakurudi tena. Mimi ndio nilikalia dawati yake." Akapumua. "Kila nikija hapa nilikuwa naogopa kuiona. Sasa nataka kuiona, na haiko."

Herufi mbili tu zilikuwa zimebaki, na baba alikuwa na patasi za kila saizi. Angezimaliza wakati chai inachemka. Hakuzimaliza. Aliiomba shule nzima ili aupate mlango mmoja, akaupa chumba cha binti yake, ili kila asubuhi nitoke darasa la tatu niende mbele. Na ile nyumba ya mawe niliyoiombea upepo, msingi wake uliwekwa siku ile alipoitwa atoke.

"Nani alikwangua?" baba mdogo akauliza.

Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa watu, baba yangu yuko kaburini hata udongo haujakauka. Nikasema, "Mchwa."

Mwerezi hauliwi na mchwa. Hata mtoto wa Ruiri anajua, na yeye alikuwa ndugu wa fundi. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya," akatoka na mkongojo wake, na mwaka uliofuata naye tukamzika.

Mlango ninao hapa Kaaga. Niliupachika kwenye chumba cha binti yangu, naye hulalamika kwamba ni mzee, kwamba rafiki zake wana milango mipya. Nimekuwa nikimwambia pale palipokwanguliwa ni pa zamani, sijui ni nani. Ni mimi niliyekwangua.