Namba ya Jirani

Juzi, kwenye kaunta ya ushirika mmoja hapa Same, aliingia mama kutoka Suji, viatu vimejaa udongo wa mlimani.

"Wenzangu wamepewa mbegu za tangawizi. Mimi mbona sikuambiwa?"

"Shikamoo mama. Tulituma ujumbe kwa simu," alijibu binti wa kompyuta, akafungua orodha, akashika kichwa.

Ili kusafisha orodha, alikuwa ameandika rejeksi, ile kanuni fupi ya kutafuta na kubadilisha maandishi: tarakimu kumi zinazoanza na sifuri zibaki, mengine yote yafutwe. Kanuni ilitii. Ikafuta na maneno ambayo mama aliyaandikisha kando ya namba: "Ya jirani, mwambie aniite."

Jirani akapokea ujumbe uleule mara mbili, wake na wa mama, akalaumu mtandao.

Simlaumu binti. Mjini simu ina mwenyewe. Mlimani kwetu simu moja ina nyumba tatu, na hilo hakuna aliyeifundisha kompyuta.

Machozi yalimlenga binti. Mama akamshika bega.

"Pole, mwanangu. Lakini namba ile ni ya jirani. Changu mle kilikuwa yale maneno."