Kifuko Nyuma ya Mtungi

Binti wa mjomba alipohamia kwetu Malindi, mama alipata mtoto wa kusifu. Kila kitu ni yeye: anajua kusuka ukili wa mikeka, anaamka mapema, hajibizani na wakubwa. Nilimwonea wivu hadi chakula kikawa hakinipiti.

Mimi naye tulikuwa darasa la sita, katikati ya miaka ya themanini. Mwalimu wa sayansi alitutuma tufuge viwavi wa mdimu, akasema mwenye kipepeo hai siku ya wazazi atasimama mbele aeleze. Akatufundisha kwamba katika nchi za mbali wadudu wengi hujua majira kwa urefu wa mchana. Huku kwetu mchana haubadiliki sana. Joto huwaharakisha, baridi huwachelewesha. Wenzangu walisinzia. Mimi somo hilo nililishika.

Viwavi wetu wawili waligeuka vifuko siku moja, kila mmoja katika gudulia lake la kioo, kwenye rafu karibu na jiko. Ilikuwa kusi, kuna kibaridi. Kisha binti wa mjomba akaitwa na baba yake, aliyekuwa akifanya kazi hotelini Kikambala, akakae naye wiki moja.

"Dada, niangalizie na wangu," akaniambia.

Hata hajafika stendi, gudulia lake nilishalihamishia nyuma ya mtungi wa maji, uliokaa juu ya mchanga mbichi kwenye pembe isiyoona jua. Langu nikaliacha pale pale jikoni. Nilijiambia kwamba sikumdhuru mdudu, nimemsogeza tu.

Wangu alitoka Jumanne, mweusi mwenye madoa ya manjano. Nilicheka peke yangu. Alhamisi, kabla mwenzangu hajarudi, nilirudisha gudulia lake kwenye rafu. Alikuta kifuko chake bado kimefungwa, akanipongeza bila kununa. Hilo likanichoma zaidi.

Jumamosi, siku ya wazazi, niliamka nikamkuta wangu amekufa, mbawa zimechanika kwa kujipigapiga kiooni. Wake alikuwa ametoka alfajiri ile ile, mbawa zinakauka. Kama ningemwacha jikoni angetoka pamoja na wangu, na pengine wangekufa pamoja.

Mwenzangu alisimama mbele ya wazazi, akaeleza vizuri, kisha akasema asingekuwa na kipepeo lau si dada yake aliyemtunzia. Mama akanigeukia, machozi yakimlengalenga.

"Umefanya vyema, mwanangu," akasema.

Mwaka mzima nilikuwa nikiyangoja maneno hayo. Niliinama nikajifanya nafunga kiatu.