Shokapu za Gari la Viti Viwili

Nimefunga na kufungua shokapu nyingi maishani, na kusema kweli nimechoka nazo. Mgongo umepinda kwa kulala chini ya magari ya watu. Lakini ukiniuliza zipi zilinichosha kuliko zote, nitakwambia ni zile nne za kwanza, nilizozichagua Biharamulo enzi za Mwingereza, kwa ajili ya gari ambalo halikuwa langu.

Gari lilikuwa la Mzungu mpima ardhi aliyeniajiri. Lilikuwa gari la mbio, la viti viwili, halina paa, tumbo lake karibu liguse udongo. Kuleta gari la namna hiyo kwenye barabara zetu ni wazimu mtupu, lakini nani angemwambia? Kutoka Biharamulo hadi Ngara changarawe ilikuwa makunyanzi matupu. Baada ya masika mawili shokapu, vile vyuma vinavyozuia gari lisidunde juu ya springi zake, zilikuwa zimekufa zote. Ukiingia shimo moja, gari liliruka-ruka mpaka shimo la pili.

Bwana alikuwa anaondoka na lori kwenda kupima mipaka kwa wiki tatu. Akaniachia kazi: nichague shokapu mpya, nizifunge, kisha nijaribu gari mpaka Ngara na kurudi.

"Nataka lisiyumbe kwenye kona," akasema. Basi, akapanda lori.

Mwenye duka pale mjini, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, alikuwa ameagiza aina mbili kutoka Mwanza. Za kwanza zilikuwa za visahani vya ngozi, zinazokazwa kwa boliti mpaka gari linakuwa gumu na kushika njia. Za pili zilikuwa za mafuta, laini. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba zikishafungwa kwenye gari hazirudi dukani.

Kwa maneno ya bwana, jibu lilikuwa za visahani. Lakini mimi nilikuwa na mama huko Bukiriro, upande wa Ngara. Aliteleza kwenye migomba, nyonga ikavunjika, akalala wiki kadhaa akingoja ipone yenyewe. Baba alitaka kumleta hospitali Biharamulo kwa machela, siku tatu njiani. Niliona aibu. Mwanawe anashika usukani, halafu yeye abebwe mabegani mwa watu kama gunia? Nikaapa nitamleta mimi, kwa saa chache, tena bila kumtonesha. Ruhusa ya kumpakia sikuomba. Niliambiwa nijaribu gari, nami ningelijaribu.

Baba alibeba machela tangu ujana wake. Alibeba wagonjwa, maharusi, hata Wazungu wavivu. Alisema mti wa machela, ule unaokaa mabegani na mgonjwa kuning'inia chini yake, usiwe mgumu, wala usiwe mlegevu. Uiname kidogo, urudi taratibu. Basi nikawa nasimama dukani nikikandamiza mkono wa kila shokapu, nikitafuta namna ule mti unavyorudi.

"Mchagua jembe si mkulima," mzee akanitania siku ya tatu. "Unakipima hicho chuma au unakiposa?"

"Niache tu, mzee wangu. Ni kwa ajili ya mama."

Nikachukua za mafuta, roho juu, maana kazi yenyewe niliipata kwa tabu. Niseme hapa hapa kwamba bwana aliporudi alikata kona mbili tatu, akasema safi sana, akaenda kunywa chai. Nilikuwa nimekonda bure.

Nilipofika Bukiriro, baba alimweka mama kwenye kiti cha pili, akamnyoosha mguu, akamfunika kanga, kisha akarudi nyuma hatua moja. Hapakuwa na nafasi nyingine.

"Nendeni," akasema. "Sisi tutafuata kwa miguu."

Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kila kilima nilimuuliza mama kama inauma, na kila kilima alisema haiumi. Nilijivuna, sifichi. Niliona nimefanya jambo ambalo baba asingeliweza.

Hospitali walimtazama siku hiyo hiyo. Mfupa ulikuwa umeshaungana vibaya, hawakuwa na la kufanya. Nililia chini ya gari, mahali ambapo hakuna ambaye angeniuliza kitu.

Siku ya nne baba akafika na majirani watano, vumbi mpaka magotini, na machela. Nikamwambia amejisumbua, kesho nitamrudisha mama kwa gari. Mama ndiye aliyekataa.

"Gari lako zuri, mwanangu," akasema. "Lakini mle nilikuwa na wewe tu, na wewe ulikuwa unatazama barabara. Nitarudi na watu."

Nikaomba kubeba na mimi, angalau siku ya kwanza. Nilitaka sana. Walinipa mwisho wa nyuma wa mti. Mama alikuwa amelala kichwa mbele, kanga usoni kwa ajili ya jua, na baba akitembea ubavuni akimsimulia habari za shamba. Wabebaji hawapigi hatua pamoja, maana wakipiga pamoja mgonjwa anadunda. Anayefuata humtazama wa mbele, akaweka mguu wake kinyume. Hilo nililijua tangu utotoni. Kulijua si kuliweza. Kila baada ya hatua chache mguu wangu ulimfuata wa mbele, na mti ukaruka.

"Wa nyuma ni nani?" mama akauliza kutoka chini ya kanga. "Huyo ananiumiza. Mbadilisheni."

Baba akanigusa bega, akauchukua mti yeye mwenyewe, pamoja na uzee wake.

"Hapo sawa," mama akasema.

Nilitembea nyuma yao mpaka jioni, mikono mitupu.