Nilivyomwangusha mama mkwe kwenye lami kwa sababu ya tairi la kashata

Wakuu, poleni na mvua huko mliko.

Nina kisa cha tairi la pikipiki. Sijaongeza chumvi hata punje, na shahidi wangu ni mama mkwe wangu, mwanamke asiyejua kusema uongo hata pale ambapo uongo ungemsaidia mtu.

Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminium, naishi Miyuji hapa Dodoma. Nina pikipiki ya kawaida tu, kama hizi za bodaboda. Natoka nyumbani, naenda mjini, napita saiti, narudi. Karibu yote ni lami.

Mwaka huo mvua zilikuja kwa fujo. Nyie wa mikoa ya kijani mtacheka, ila huku kwetu ikinyesha siku tatu mfululizo watu wanaanza kupigiana simu kuulizana kama bado wapo.

Tairi langu la nyuma lilikuwa kipara. Sio kipara cha kuanza, kipara cha mstaafu.

Mke wangu Neema alikuwa na mimba kubwa, mtoto wetu wa kwanza, na kila asubuhi nikiwasha pikipiki alikuwa analiangalia lile tairi badala ya kuniangalia mimi.

"Baba, badilisha hicho kitu," akasema. "Mtoto akija nataka akukute na miguu yote miwili."

Nikaenda dukani. Muuzaji alikuwa dada mmoja mpole, anatafuna karanga. Akaniuliza swali moja tu: "Kaka, unapita wapi zaidi?"

Wakuu, jibu lilikuwa "lami". Neno moja.

Lakini mwanaume akisimama mbele ya matairi mapya kuna kitu kinampanda kichwani. Nikajiona nakata tope la Bahi, ukweni kwangu, wakwe wamesimama wanashangaa.

"Napita sana vijijini," nikasema. "Bahi kule. Matope matupu."

Ukweni naenda mara mbili kwa mwaka, na mara moja kati ya hizo huwa ni kiangazi.

Akanionyesha tairi la barabarani, lina mifereji ya kupitishia maji. Ukilibonyeza kwa kucha, mpira unabonyea. Akasema hilo kwa mvua ya mjini ndilo lenyewe. Mimi macho yalishakwenda mlangoni, kwenye tairi la kashata lililoning'inizwa juani. Meno makubwa, yameachana, unaona kabisa hili ni tairi la mtu mwenye shughuli nzito.

"Hilo limekaa juani muda mrefu," dada akanionya, akinionyesha tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka lilipotengenezwa.

Tairi lilikuwa limezaliwa kabla sijaoa.

Nikalichukua.

Nilipofika nyumbani Neema alitoka, akalisikiliza. "Mbona linanguruma kama mashine ya kusaga?"

"Hiyo ni grip," nikamjibu. Nilisema kwa confidence kabisa.

Siku kama kumi baadaye, asubuhi, uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Jirani yetu mama Asha akampakia kwenye bajaji kumpeleka hospitali. Mimi nikataka kupanda, Neema akanizuia kwa mkono.

"Wewe nenda Bahi kaniletee mama."

"Nipige simu tu."

"Yuko shambani, simu anaiacha ndani. Nenda. Nataka mama."

Hapo hakuna mjadala wakuu. Nikawasha.

Niwaeleze kitu kimoja kabla hatujafika. Mimi ni mtu wa Kondoa, mke wangu ni Mgogo, na kwa ukoo wao mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hampeani mkono, hamkai mkeka mmoja, mkikutana njiani mmoja anapisha. Miaka mitatu ya ndoa, mazungumzo yetu marefu kuliko yote mimi na mama yule yalikuwa kuhusu hali ya hewa, na tuliyafanyia pande mbili za uzio.

Kwenda, lami ilikuwa kavu. Bahi nikaacha barabara kubwa, nikaingia njia ya kijijini kwao. Mvua ya jana yake ilikuwa imeifanya njia kuwa uji mweusi.

Na hapo ndipo lile tairi lilipoonyesha lilichozaliwa kufanya. Meno yalikuwa yanaingia kwenye tope, yanashika, yanatoka. Nilimpita jamaa anasukuma pikipiki yake, tope limemfika magotini.

"Kaka! Hilo tairi umelitoa wapi?" akaniita.

Nikapunguza mwendo ili alione vizuri. Mungu anisamehe, nina mke leba na nilipunguza mwendo.

Mama mkwe nilimkuta katikati ya majaruba, ameinama anapandikiza mpunga. Nikasimama mbali kama ilivyo adabu.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba. Mbona umekuja peke yako?"

"Neema ameshikwa na uchungu. Anakutaka wewe."

Alitoka majini, akanawa miguu, akaingia ndani, akatoka na kiroba cha mchele na jogoo ndani ya kikapu, kwa ajili ya supu ya mzazi. Kisha akaitazama pikipiki. Siti moja ndefu, basi.

"Wewe tangulia," akasema. "Mimi nitakuja na gari."

"Mama, gari haliwezi kufika huku leo."

Akaiangalia njia. Akaniangalia mimi. Akaangalia juu, nadhani alikuwa anawaomba radhi wahenga.

"Haya. Kiroba kikae katikati."

Tukapangana hivyo: mimi mbele, mchele katikati, mama nyuma kabisa akiwa ameshika chuma cha kubebea mizigo, jogoo mapajani. Tope lote tulilipita bila kuyumba. Sikusikia hata pumzi yake.

Tulipofika Bahi penye lami, kulikuwa na Hiace inaita abiria. Nikasimama nimpandishe. Mama akachungulia ndani. Walikuwepo abiria wawili, na mmoja alikuwa amelala.

"Hii itaondoka mjukuu ameshaanza shule," akasema. "Twende. Tope limetushindwa, lami itatuweza?"

Wakuu, kifua kilijaa. Mama mkwe, kwa kinywa chake, amelisifia tairi langu.

Mvua ikatukuta tunakaribia mjini. Sio kubwa, ile ya rasharasha inayochanganyika na vumbi na oil za magari. Nilikuwa naenda mwendo wa wastani. Mbele kukawa na tuta lililopakwa rangi nyeupe, na mtu anavuka. Nikashika breki.

Tairi la nyuma likatoka pale lilipokuwa na kuja kunitazama usoni.

Tulianza kuteleza ubavu, taratibu, kama tunaonyeshwa kwanza kitakachotokea. Kiroba kikachomoka, kikapasuka. Nikasikia "Mkweee!" na mikono miwili ikanizunguka tumboni, imara, ya mtu aliyelima maisha yake yote. Tukatua kwenye mtaro wenye tope laini. Pikipiki ikazima yenyewe.

Mama, bado amenikumbatia, akasema kwa sauti ya chini: "Baba, niachie."

"Mama, mimi sijakushika."

Akajitazama mikono. Akaniachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, zaidi ya kiwiko changu na suruali. Jogoo alitoka kikapuni akapiga mbio mpaka juu ya kibanda cha mama mmoja anayechoma mahindi. Yule mama alimdaka kwa kanga, akaturudishia, akatupa pole huku anacheka mpaka machozi.

Mimi nilitaka mtaro unimeze. Mama mkwe yeye alinyanyuka, akanikagua juu mpaka chini, akauliza, "Umeumia?" Nikasema hapana. Akaenda kwenye tairi. Akainama, akabonyeza jino moja kwa dole gumba, kama anavyobonyeza punje ya mpunga kuona kama imekauka.

"Hili ni kavu," akasema. "Gumu. Wewe hujachunga?"

"Sijachunga, mama."

"Ng'ombe kwenye tope anapita, kwato inazama inashika. Mpandishe kwenye mwamba uliolowa, anaanguka. Mbuzi hapo anapita, maana chini ya kwato yake ni laini, inalala juu ya jiwe. Wewe umepandisha ng'ombe mwambani."

Dada wa karanga alinieleza hayohayo, nikamwona hajui.

Bodaboda watatu walikuwa wameshasimama kutaka kutusaidia. Mama hakuwauliza habari ya safari. Alipita pikipiki moja moja, anabonyeza matairi ya nyuma.

"Mama, unataka kununua?" mmoja akauliza.

"Nataka kufika. Hii hapana. Hii nayo hapana. Hii." Akapanda ya tatu, jogoo kwapani, wakaondoka.

Mimi nilifuata nyuma na mchele wangu uliobaki, miguu imening'inia chini pande zote mbili. Nilipitwa na baiskeli yenye gunia la mkaa. Mwenye baiskeli akanipa pole.

Nilipofika hospitali mtoto alikuwa ameshazaliwa. Wa kike, mzima, analia kwa hasira. Mama alikuwa amewahi. Manesi walimnawisha kwanza ndipo wakamruhusu, na Neema alimshika mkono mpaka mwisho. Nilipoambiwa hivyo nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kidogo, naandika tu ukweli.

Neema aliponiona na matope yale akatikisa kichwa.

"Mama amenieleza mlivyoanguka."

"Amekueleza nini?"

"Yote. Ila kuna sehemu akifika ananyamaza, anaangalia dirishani."

Na mimi nikageuka, nikaangalia dirishani.

Wiki ile ile nilirudi kwa yule dada nikamjibu swali lake upya. Nikafunga tairi la barabarani, mpira laini, la mwaka uleule, na la mbele nikabadilisha pia. Akanikumbusha nijaze upepo wa kutosha, na siku za kwanza niende taratibu maana tairi jipya lina utelezi wa kiwandani. Safari hii nilisikiliza.

Mama alikaa na sisi mwezi mzima. Siku ya kuondoka, manyunyu yakaanza. Nikamwambia nampeleka stendi apande gari, akasema kwani pikipiki imekufa? Basi nikampakia, nikaendesha kwa adabu zote, kila tuta nakaribia kusimama kabisa.

Tumefika njiani, nikaguswa begani.

"Baba, ongeza mwendo. Mpunga wangu unaliwa na magugu."

Wakuu, funzo langu ni hili: muuzaji akikuuliza unapita wapi, mtajie barabara unayopita kila siku, sio ile unayopita ukiwa unajiwazia dukani. Kashata ni la tope, na kwa tope sina ugomvi nalo. Kwa lami ya mvua, tafuta mpira laini, mpya, wenye mifereji.

Nyie mnaoendesha masika mmefunga nini nyuma? Na kama kuna mwingine humu aliyewahi kuanguka na mkwe, ajitokeze tafadhali, nimechoka kuwa peke yangu.