Kupasua Bila Kupasua

Sina haya kujisifu kwa jambo hili. Miaka ile ya vita nilifanya kazi nyingi ambazo sipendi kuzikumbuka, na nyingine ziliniharibikia kwa sababu umeme ulikatika au uzi wa kushonea ulikwisha. Hii moja niliimaliza vizuri. Nikiisimulia, watu wa nyumbani kwangu husema naringa. Naam, naringa.

Nilikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali moja ya Bujumbura. Ulikuwa wakati wa ambargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, na mafuta ya jenereta tulikuwa tukiyapima kama dawa. Kazi yetu kubwa ilikuwa majeruhi. Waliletwa kutoka Kinama na kutoka vilima vya juu ya Kanyosha, wengine na risasi, wengine na vipande vya guruneti, nasi tulitoa tulichoweza na kushona tulichoweza. Mtu mwenye ugonjwa wa kawaida alikuwa akija kama anayeomba radhi, anaona anatupotezea muda.

Ndivyo alivyokuja binti mmoja wa Kanyosha, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akiwa na mama yake. Tumboni, upande wa kulia chini, alikuwa na uvimbe usiouma sana. Mama ndiye aliyesema yote. Majirani walianza kwa kusema ni mimba, mimba ilipokataa kukua wakasema amelogwa, na mzee mmoja wa dawa za mizizi akamchanja chale juu ya uvimbe. Niliziona bado mbichi, nikapandwa na hasira, nikamuuliza mama alikuwa wapi muda wote huo. Alinijibu kwa upole kwamba njia ya kuja hospitali ilikuwa imefungwa na mapigano, na njia ya kwa yule mzee ilikuwa wazi.

Mashine yetu ya ekografi, ya kupiga picha za ndani ya tumbo, ilikuwa kuukuu, lakini siku hiyo ilinifanyia uungwana. Kwenye kioo niliona kifuko kirefu, kimejaa kitu kizito, na ndani yake mistari imepangana tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu. Picha kama hiyo nilikuwa nimeiona mara moja tu, darasani, na tuliambiwa huenda tusikutane nayo maisha yetu yote. Kilikuwa kidole tumbo, hiki ambacho watu wetu hukiita apandisi. Mdomo wake ulikuwa umeziba, na ukuta wake wenyewe ukawa unatengeneza ute, siku baada ya siku, ute usio na pa kutokea.

Mkubwa wangu wa kazi, daktari aliyenifundisha kushika kisu, aliitazama picha ileile akaona jipu. Alitaka tuchome sindano, tunyonye maji, binti aende nyumbani, na mafuta tuwabakizie majeruhi. Lilikuwa wazo la mtu mwenye huruma na akili, nami nikalikataa. Nilimweleza kwamba tundu dogo tu lingetosha kuumwaga ule ute, na ute ukimwagika hubeba mbegu zake, zikatapakaa tumbo zima na kuendelea kutengeneza ute mwingine huko, polepole, kwa miaka, mpaka matumbo yabanwe. Nani hapa Bujumbura angekuja kulisafisha tumbo la namna hiyo? Akasema nikikosea, nitakuwa nimechoma mafuta ya jenereta kwa ajili ya jipu. Nikasema lawama ziwe zangu. Basi akasema atakuja kunisaidia mwenyewe, aone huo ubishi wangu unaishia wapi.

Ikabaki kumwambia mama. Kwetu operesheni ni kupasua, hatuna neno jingine, na hapo ndipo ulimi uliponitatiza. Nilichuchumaa mbele ya benchi lake.

"Mama, tumbo tutapasua. Ile kitu ya ndani, apana. Ile ikipasuka, tutamupoteza mutoto, hata kama si leo."

Alilitafuna neno hilo. "Munapasua, lakini hamupasui."

"Njo hivyo."

"Itoke muzima."

"Itoke muzima," nikamwitikia, na nikajua nimejifunga.

Nilichana tumbo kwa mkato mrefu wa katikati, hata muuguzi wa usingizi akanitania kwamba sijui natafuta apandisi au mapacha. Kifuko kilikuwa pale, cheupe, kinang'aa, ngozi yake imevutika mpaka unaogopa kukipumulia. Tulikizungushia vitambaa vyenye maji. Koleo sikuligusisha, nilikiinua kwa vidole, na mkubwa wangu akanishikia kingo za jeraha. Nilikata kwenye shina, pamoja na kipande kidogo cha utumbo mpana ili nisiache kitu nyuma. Kilipotua katika beseni bila kutoa hata tone, nilisikia mkubwa wangu akishusha pumzi. Maabara ndiyo iliyokipasua baadaye, ukatoka ute mzito kama mlenda. Shina lilikuwa safi, na saratani haikuwemo. Kila nilipompima yule binti miaka iliyofuata, tumbo lilikuwa kavu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mchana ule nilikuwa na beseni langu tu, nimelifunika kitambaa, nikatoka nalo kwenye ujia nikitembea kama bwana harusi. Kwa miaka nilikuwa nikitoka kwenye mlango ule na habari za vitu vilivyovunjika. Mama alisimama kabla sijamfikia.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, mama," nikasema, na nikafunua.

Hakutazama ndani ya beseni. Alinitazama mimi usoni. Kiswahili chetu cha Bujumbura hakichagui, "iko" ni ya mtu na ni ya kitu.

"Muganga," akasema, "mi naulizaka mutoto."

"Na ye iko muzima. Analala. Hii imetoka muzima, njo maana na ye iko muzima."

Aliketi, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kitenge. Kisha akainama juu ya beseni, akakitazama kile kifuko kwa muda mrefu. Nikangoja anisifu. Akachukua kitambaa kutoka mkononi mwangu, akakifunika mwenyewe, taratibu, kila upande.

"Beba polepole," akaniambia. "Isipasuke."

Nikabeba polepole.